Mabati yanachoma mkono, kipimajoto kinasema nyuzi 24: nani mwongo?

"Injinia, salamu sana. Niko mwaka wa mwisho hapa Kampala. Mradi wangu ni kuiga kwa EnergyPlus, programu ya kompyuta inayokadiria joto la majengo, jengo la madarasa matatu la shule ya msingi karibu na Mukono. Kuta ni za matofali ya kuchoma, kuna dari la mbao nyembamba, na paa ni mabati mapya ya geji 28 yasiyopakwa rangi. Saa saba mchana, mwezi wa Februari, programu inasema paa lina nyuzi 60. Nilipanda ngazi na kile kipimajoto cha kuelekeza kama bunduki, nikapata 24! Lakini nilipogusa bati nilitoa mkono mbio. Usiku nako kuna kioja: programu inashusha paa hadi nyuzi 13 wakati hewa ya nje ni 18. Mwenzangu anasema hiyo ni kasoro ya programu, kwa sababu hakuna kitu kinachopoa kuliko hewa inayokizunguka bila friji. Ananishauri niweke joto la anga liwe sawa na joto la hewa. Pia sijui kama niingize ghorofa la jirani lililo mita chache upande wa mashariki, na uwanja wa udongo mwekundu. Faili la hali ya hewa ni la Entebbe. Nani mwongo, programu au kipimajoto?"

Mdogo wangu, kati ya mashahidi wote uliowaleta, mkweli ni mkono wako. Kipimajoto kimekudanganya vibaya. Programu imekosea kidogo, tena kwa sababu wewe hukuiambia jambo ililohitaji kujua. Mwenzako naye amekosea kosa ambalo wengi wetu tumewahi kulifanya. Karibu yote haya yana shina moja: bati jipya ni bahili. Linapokea joto la jua, lakini kulitoa kwa mionzi linaona uchungu.

Tuanze na sigiri. Ukikaa kando ya sigiri iliyokolea, hewa ya moto inapanda juu, haiji kwako, na bado uso na magoti vinapata joto. Hiyo ni mionzi ya joto, isiyoonekana kwa macho, na haihitaji hewa ya kuibeba. Si makaa peke yake yanayoitoa. Ukuta, ardhi, mwili wako, wingu, hata hewa yenye unyevu, vyote vinatoa, kila kimoja kwa kadiri ya joto lake. Mwanafizikia Josef Stefan aligundua mwaka 1879 kwamba kiasi hicho hukua kwa kipeo cha nne cha joto likihesabiwa kutoka sifuri halisi (nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida), na mwanafizikia mwenzake Ludwig Boltzmann akalithibitisha kwa nadharia mwaka 1884. Uso mweusi kamili wenye nyuzi 26 hutoa wati 454 kwa kila mita ya mraba. Ukifika nyuzi 65 hutoa 741. Kwa hiyo paa lako na anga vinarushiana mionzi mchana na usiku, na kinachotuhusu ni tofauti kati ya kinachotoka na kinachoingia.

Uso halisi hautoi kiasi chote hicho. Hutoa sehemu yake, nayo ndiyo tunayoiita emisiviti. Matofali, plasta, saruji, udongo, majani, na rangi karibu ya kila aina hukaa kwenye 0.9 hivi. Weupe au weusi wa rangi haujalishi hapa, na hilo huwashangaza wengi. Metali tupu inayong'aa ndiyo iliyojitenga. Bati jipya lenye zinki liko chini ya 0.3, na likiwa jipya kabisa linaweza kuwa chini zaidi ya hapo. Sasa, uso usiopitisha mionzi ambao hautoi vizuri hauna budi kurudisha sehemu kubwa ya mionzi inayoufikia. Kwa mionzi ya joto, bati lako ni kioo cha kujitazamia, ingawa machoni pako linaonekana la kijivu.

Na hapo ndipo kipimajoto kiliponaswa. Bunduki ile haipimi joto. Inapima mionzi inayoifikia, kisha inabashiri joto kwa kudhani emisiviti ni 0.95, kwani nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa hivyo. Wewe ulidhani umeilenga kwenye bati, kumbe sehemu kubwa ya ilichokiona ni anga lililojitazama kwenye bati. Nimepiga hesabu ya haraka: bati la nyuzi 55, emisiviti 0.25, anga lenye mawingu nusu. Bunduki ingesoma nyuzi 28 hivi. Na kwa kuwa vifaa hivi huangalia hasa mawimbi ya urefu wa mikroni 8 hadi 14 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ambamo anga ni baridi kuliko wastani wake, 24 yako hainishangazi hata kidogo. Wakati wa corona tulizoea kuviamini vifaa hivi kwa sababu vililenga paji la uso, na ngozi ya binadamu, ya kila rangi, ina emisiviti inayokaribia 0.98.

Dawa yake ni ya shilingi chache. Nunua utepe mweusi wa mafundi umeme, bandika kipande cha upana wa kiganja juu ya bati, kisugue kishikane vizuri, ukiache dakika kumi, kisha elekeza bunduki kwenye utepe ukiwa karibu ili usipime na bati la pembeni. Utepe unashika joto la bati na emisiviti yake ni karibu 0.95. Lakini kuna ujanja: kwa kuwa ni mweusi, jua likiupiga moja kwa moja utapanda kidogo kuliko bati. Kwa hiyo nami hupenda kubandika kipande cha pili upande wa chini, ndani ya dari, mahali pasipo na jua. Bati la geji 28 ni jembamba sana, joto la juu na la chini ni lilelile. Kama idara yenu ina waya za themokapo, zinazopima joto kwa kugusa, gundisha moja hukohuko chini, na hapo utakuwa na kipimo ambacho mtu hawezi kukibishia kirahisi.

Twende kwenye programu. Usipoiambia sifa za uso, EnergyPlus huchukua ufyonzaji wa jua, yaani sehemu ya mwanga wa jua ambayo uso unainyonya, kuwa 0.7 na emisiviti 0.9. Nina hakika ndivyo ulivyoacha, maana 60 yako inalingana na nambari hizo. Ni nambari za ukuta wa plasta au bati la rangi iliyokolea, wala si za bati lako. Ili uone ukubwa wa jambo, chukua paa lisilopoteza joto lolote kwa chini, jua la wati 1,000 kwa mita ya mraba, hewa nyuzi 26, upepo unaoondoa wati 10 kwa kila nyuzi moja ya tofauti, na anga linalotuma chini wati 400. Kwa nambari za programu, 0.7 na 0.9, paa linatulia kwenye nyuzi 65. Kwako limeonyesha 60 kwa sababu nafasi iliyo juu ya dari inakunywa sehemu ya joto. Badilisha emisiviti peke yake iwe 0.25, uache ufyonzaji kama ulivyo: nyuzi 83. Umeona? Hujaongeza jua wala kupunguza upepo. Umefunga tu mlango mmoja wa kutokea, na paa limepanda nyuzi 18.

Bati jipya, hata hivyo, hurudisha pia mwanga mwingi wa jua. Weka ufyonzaji 0.4 na emisiviti 0.25, paa linakuwa na nyuzi 59. Sasa lipake rangi nyeupe, ufyonzaji 0.25, emisiviti inarudi 0.9: nyuzi 39. Ndiyo maana bati linalometameta, ambalo wengi huamini linafukuza joto, linachoma kuliko bati jeupe. Linafukuza jua kwa mkono mmoja na kulizuia joto lisitoke kwa mkono wa pili. Tena ule mng'ao haudumu. Vumbi letu jekundu linatua, zinki inafifia, kutu inaingia, na ufyonzaji unapanda hadi 0.8 au zaidi. Kwa hiyo endesha modeli mara mbili, paa likiwa jipya na paa likiwa limezeeka, na uandike zote mbili kwenye ripoti. Mimi niliwahi kumpa mteja ripoti ya ghala la mabati matupu yenye 0.9 ileile ya programu. Fundi wake mmoja akaniuliza kwa upole kama nimewahi kupanda juu ya paa hilo saa nane mchana. Sikuwa nimepanda.

Usiku. Mwenzako mwambie aamke saa kumi na mbili asubuhi mwezi huohuo wa Februari, aende kwenye stendi ya bodaboda, apapase kiti cha pikipiki iliyolala nje. Mvua haikunyesha, lakini kiti kimelowa. Umande hautoki mbinguni. Ni mvuke wa hewa uliogusa kitu kilichopoa kupita kiwango cha umande cha hewa hiyo, na kiwango hicho hakizidi kamwe joto la hewa yenyewe. Basi kiti kimepoa kuliko hewa, wala hapakuwa na friji. Au tuseme friji ilikuwepo, ni anga. Mabati yanayodondosha matone alfajiri ndani ya nyumba zisizo na dari ni kisa hichohicho.

Anga ni baridi kuliko hewa inayotuzunguka kwa sababu mionzi yake inatoka kwa mvuke na gesi zilizo juu yetu, ambako ni baridi, na kupitia yale mawimbi ya mikroni 8 hadi 14, ambayo kwa anga ni kama dirisha lililo wazi, sehemu ya mionzi yetu inatoroka kabisa hadi nje ya dunia. EnergyPlus, kama faili la hali ya hewa halina kipimo cha mionzi ya anga na hukuiagiza vingine, hutumia kanuni ya Clark na Allen ya mwaka 1978, inayohitaji kiwango cha umande na kiasi cha mawingu tu. Kwa hewa ya nyuzi 18 na umande wa 16, anga jeupe bila wingu huwa sawa na uso wa nyuzi 5 hivi. Paa la emisiviti 0.9 chini ya anga hilo, upepo ukiwa umelala, linashuka mpaka karibu nyuzi 12 kama halipati joto kutoka chini. Lako limepata 13. Hakuna kasoro hapo. Ila kwa emisiviti ya kweli ya bati lako, 0.25, lingebaki kwenye 15. Ubahili uleule: mchana linang'ang'ania joto, na usiku vilevile. Nikuongezee angalizo moja. Hesabu ya kawaida haiingizi joto linaloachiliwa umande unapojitengeneza juu ya bati, kwa hiyo paa halisi lililolowa haliwezi kushuka chini sana ya kiwango cha umande. Ukipima alfajiri na kupata nyuzi moja au mbili juu ya modeli, usianze kupekua kila kona ya faili lako.

Ushauri wa kulilinganisha anga na hewa, basi, uuache. Mchana hautakudhuru sana, paa la mfano wangu lingetoka 65 kwenda 68. Usiku ndipo utakapoharibu kazi, maana utakuwa umelinyang'anya jengo njia kubwa ya kupoa, na madarasa yataanza kila asubuhi yakiwa na joto ambalo kwa kweli lilishatoka.

Badala yake lichunguze lile faili la Entebbe. Lina safu ya mionzi ya joto inayoshuka kutoka angani na safu za mawingu. Zifungue kwenye jedwali uzitazame kwa macho. Kama safu ya mionzi imejaa 9999, maana yake haina kitu, na programu itaihesabu kutokana na umande na mawingu. Kama na mawingu ni nambari ileile mwaka mzima, mtu amejaza tu, na hapo una tatizo, kwa sababu kwetu mawingu yana uzito kuliko umande. Tazama: hewa ya nyuzi 26 na umande wa 17, anga tupu ni sawa na nyuzi 12 au 13. Mawingu nusu, karibu 17. Anga lililofunga kabisa kama mchana wa Aprili, 23. Huo ni mwachano wa nyuzi 10 ndani ya hewa ileile. Kwa kulinganisha, ukihamisha jengo hadi Moroto, kule Karamoja, kwenye ukavu wa nyuzi 30 na umande wa 8, anga tupu linakuwa nyuzi 14. Chini ya anga tupu, tofauti ya anga na hewa huko ni nyuzi 16, Mukono ni 13 au 14. Watu husema Karamoja usiku hupoa kwa sababu ya ukavu, na ni kweli, lakini sehemu kubwa ya siri ni kwamba mawingu hayapo. Entebbe iko ukingoni mwa ziwa, Mukono imesogea ndani kidogo. Kwa mradi wa chuo faili hilo linatosha, ilimradi uliseme hilo wazi.

Sasa jirani na uwanja. Ukuta wa wima hautazami anga peke yake. Kwenye eneo wazi nusu ya unachokiona ukuta ni ardhi, na programu huichukulia ardhi hiyo kuwa na joto la hewa. Hapo ndipo ninapoipinga mimi. Udongo mwekundu ulioshindiliwa, mkavu, chini ya jua linalopita karibu utosini, nimeupima mara nyingi ukiwa unakaribia nyuzi 50. Tofauti kati ya ardhi ya nyuzi 50 na ya 27, ikiufikia ukuta kwa nusu ya uwanda wake wa kutazama, ni wati 70 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Hicho si kitu cha kupuuza kwenye madirisha ambayo watoto wanakaa karibu nayo. Unaweza kuipa programu joto lako la ardhi kwa ratiba ya saa kwa saa. Pima siku mbili tu, moja ya jua na moja ya mawingu, utumie hizo. Udongo si metali, kwa hiyo hapo bunduki yako itasema kweli.

Ghorofa la jirani liweke kwa ajili ya kivuli cha asubuhi, hilo halina mjadala, maana hapa Ikweta kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa hasa, na baada ya paa ndizo zenye neno. Kwa upande wa mionzi ya joto, ukishaliweka kama kizuizi, EnergyPlus itapunguza anga linaloonwa na ukuta wako na kuipa ardhi sehemu iliyopotea, kwa joto la hewa. Kuna njia ya kulitaja jengo la jirani kama uso wenye joto lake, lakini utatakiwa ulete mwenyewe ratiba ya joto hilo na sehemu ya uwanda linayoichukua. Kwa ukuta mmoja wa darasa la ghorofa moja, mimi nisingejisumbua. Ningetumia jioni hiyo kuhakikisha emisiviti ya bati. Kama ungekuwa unaiga kichochoro cha Kisenyi, Kampala, ambako kuta zinatazamana kwa mita mbili, ningekuambia kinyume.

Na usisahau upande wa chini wa bati. Kati ya bati na dari pia kunarushwa mionzi. Bati tupu lenye 0.25 likitazama dari la 0.9 linapitisha chini ya theluthi ya kile ambacho bati lililopakwa rangi pande zote mbili lingepitisha. Kwa hiyo kama shule itakubali kupaka rangi nyeupe, ipakwe juu tu. Mkandarasi akijitolea kupaka na chini "ili ipendeze", mshukuru umkatalie. Rangi nyeupe nayo itachafuka, hivyo ijaribu kwenye modeli kwa 0.25 na kwa 0.4 kabla ya kumwahidi mwalimu mkuu chochote.

Haya yote unaweza kuyafanya peke yako, isipokuwa matatu. Usipande tena juu ya paa saa saba mchana ukiwa na ngazi tu. Tafuta fundi anayejua kuna kenchi wapi, mkanyage kwenye mistari ya misumari. Na kama kuna jengo la zamani shuleni lenye vigae vya asbesto, usivikwaruze, usivitoboe, usibandike kitu wala usivibandue, mpaka aje mtaalamu avitazame. Vilevile, matokeo yako yakianza kutumika kuamua fedha za ujenzi, hasa kama ni zahanati au stoo ya chanjo ambako nyuzi chache ni hasara ya kweli, mhandisi aliyesajiliwa aje aone jengo kwa macho na atie sahihi yake. Mimi nimelisoma tu kwenye barua.

Ukishabandika utepe, niletee nambari nne: joto la bati kwa chini saa saba mchana, joto lake saa kumi na mbili asubuhi, joto la udongo mchana, na hali ya mawingu nyakati zote hizo. Bunduki iache kwenye 0.95.